Shahidi Asiyesema

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Si kazi — kurasa arobaini za kitabu cha sayansi cha darasa la sita, koma zimetawanywa ovyo kama mbegu, hiyo naimudu. Ni uchovu ule mwingine, unaolala nao na kuamka nao.

Jioni nilikwenda tena kwenye darasa la taamuli, ukumbi mdogo nyuma ya hekalu la Wahindu. Mara ya tano sasa. Tunakaa mikekani, watu kumi na wawili, taa moja ya mafuta, ubani. Mwalimu ni bibi wa miaka sabini na kitu. Wote tunamwita Mataji, yaani mama, kwa heshima. Kiswahili chake ni cha dukani. Akikwama anageukia Kiingereza na kunitazama mimi, maana alishajua kazi yangu ni kusahihisha maneno ya watu. Mwanangu, sema wewe.

Leo: fuata pumzi. Ikiingia, jua imeingia. Ikitoka, jua imetoka. Maumivu yakija usiyafukuze, lakini usiyavutie kiti. Nilifika pumzi ya saba. Kisha ule mlio wa simu, kichwani tu, na barabara, na Baba. Nikafumbua macho. Mshonaji anayekaa mkeka wa kando naye alikuwa kayakodoa. Akaninong'oneza kwamba yeye akifumba macho anaona zipu tu.

Jumatano, 5 Machi

Mataji ameniomba nimtilie Kiswahili kijitabu chake cha wanafunzi wapya. Kurasa kumi na sita. Nimekifanya leo saa ya chakula, mezani kwangu kwenye kiwanda cha uchapaji, harufu ya wino puani.

Kuna neno linarudi kila ukurasa: sakshi. Ndani ya kila mtu yupo sakshi, anayeyaona maumivu yakipita bila yeye kuchukuliwa nayo. Anatazama. Hahukumu, hasemi. Ukimpata huyo, jeraha la ndani linaanza kupona.

Nikaandika: shahidi. Mkono uliandika, kichwa hakikuwepo. Niliposoma tena nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Bosi Nukta — msimamizi wetu, ana uwezo wa kuona nukta iliyopotea akiwa mlangoni — akauliza kosa gani hilo la kuchekesha, tucheke wote. Nikasema hamna.

Shahidi. Jumatatu tarehe 17 mimi ni shahidi wa pili katika kesi ya dereva wa lori. Wa kwanza ni kaka yangu. Maelezo yetu polisi yanafanana neno kwa neno: lori lilihama upande wake, likatuingilia, Baba akafa palepale. Yule dereva yuko rumande mwezi wa saba huu.

Lori halikuhama upande wake.

Nimeiandika. Haikuumiza kama nilivyodhani. Imechosha tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma tafsiri darasani. Mshonaji akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Akasema samahani dada, shahidi gani huyo? Shahidi akiona halafu akanyamaza, huyo si shahidi, huyo ni jirani mbaya.

Watu wakacheka. Mzee mmoja akapendekeza mtazamaji. Mshonaji akamwambia mtazamaji ni wa mpira, baba, naye pia hupiga kelele kuliko wachezaji.

Nikajitia ujuzi. Nikawaeleza kwamba hapa neno limevuliwa mambo ya mahakama; huku ni kutazama tu, kimyakimya, ndani. Nilisema vizuri sana. Sauti ya mtu aliyesoma. Mshonaji akaguna, akasema haya, wewe ndiye mwenye kamusi.

Nikamgeukia Mataji. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Tukafumba macho. Pumzi nne.

Jumapili, 9 Machi

Kaka alikuja kula mchana. Kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Hajashika usukani tangu siku ile na Mama husema ni uchungu wa baba yake. Kweli ni uchungu.

Mama alitupangia habari za mahakamani kama anavyopanga vyombo kabatini. Mseme kwa kifupi. Mjibu mlichoulizwa. Msinitoneshe kidonda mbele za watu. Kaka akaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, macho kwenye sahani. Mama akasema yule dereva kulia kwamba alikuwa upande wake si kitu, mfa maji haachi kutapatapa.

Nilimwona siku ile alipoletwa mahakamani mara ya kwanza. Shati halina kifungo cha juu, amelishika kwa mkono. Hakutukodolea macho ya chuki. Alitutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kutukosea wapi.

Tukaosha vyombo, kaka na mimi. Zamani tungerushiana povu. Aliniuliza kazi inaendaje. Nikasema inaendelea. Tumekuwa na adabu kama wageni.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda darasani. Naandika mapema, chumbani, kabla sijaghairi.

Tulikuwa tunarudi mchana. Kaka anaendesha, Baba kiti cha mbele, mimi nyuma. Baba alisinzia mdomo wazi, miwani imemteremkia puani. Nikampiga picha. Nikamtumia kaka, kwa simu, mita moja mbele yangu! Nikaandika: abiria wako ameridhika na huduma. Nilitaka nimwone akicheka kwenye kioo.

Simu yake ikalia. Akaichukua. Akacheka kweli, nilimwona. Gari lilikuwa limevuka mstari.

Basi. Ni hayo. Miezi saba, na yameenea kwenye mistari michache.

Polisi walipokuja hospitali kaka alishasema kuhusu lori. Wakaniuliza, ni kweli? Nikatikisa kichwa kukubali. Hata sikufungua mdomo. Wakaandika wao, nikatia sahihi, na nilikuwa nimeona "lilihama" wameandika kwa l moja na nikataka kuwasahihisha. Ndivyo nilivyo. Baba kafa, dereva anaonewa, mimi naona l.

Jumatano, 12 Machi

Nilichelewa kutoka ukumbini makusudi. Mataji alikuwa anakanda goti lake kwa mafuta. Nikamuuliza: kama yule sakshi ameona kosa, na kosa ni lake mwenyewe, na kuna mtu mwingine analipia?

Akaniuliza ni swali la kijitabu au ni langu.

Nikamwambia. Si yote. Picha niliiruka, nikarudi, nikaisema.

Hakunishika mkono, hakuniambia nijisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Aliniambia kwamba siku ile nilikosea. Nikadhani anasema ajali. Hapana, anasema ile Ijumaa! Katika lugha yao pia, anayeitwa mahakamani kusema alichoona anaitwa sakshi. Neno ni lile lile. Mwenye zipu alikuwa sahihi, mwenye kamusi hakutazama.

Nikamuuliza mbona alininyamazia. Akasema alitaka kuona nitalificha neno hilo kwa muda gani.

Kisha nikauliza, basi nikisema nitapona? Akasema hajui. Yeye amelitazama goti hili kwa utulivu miaka kumi na tisa na bado linamuuma kwenye ngazi. Ila halimdanganyi tena, wala yeye halidanganyi. Akaomba nimpe mkono asimame.

Alhamisi, 13 Machi

Bosi Nukta amekuta makosa manne kwenye kurasa nilizopitisha. Ameuliza macho yangu nimeyaazimisha kwa nani. Nimerekebisha. Kwenye kijitabu nimeacha shahidi, na chini yake nimeongeza sentensi moja: shahidi akiulizwa, husema. Nimeifuta. Nimeirudisha.

Jumamosi, 15 Machi

Saa kumi kasoro. Mama alikwenda kwa mama mdogo tangu asubuhi. Nilimpigia kaka, nikamwambia njoo kabla hajarudi.

Alikaa kitandani kwangu, magoti pamoja. Nikasema yote bila kupumzika: ile picha ni mimi, lori lilikuwa upande wake, Jumatatu nikiulizwa nitasema hivyo. Nilitegemea anikemee. Akatoa simu yake. Ile picha anayo. Ameitunza peke yake kwenye faili moja, Baba na mdomo wake wazi.

Akasema nilijua unajua. Alidhani nanyamaza kwa ajili yake. Mimi nilidhani ananyamaza kwa ajili yangu. Miezi saba tumebebana, kila mmoja akidhani yeye ndiye machela na mwenzake ndiye mgonjwa.

Akauliza, watanifunga? Nikasema sijui. Akasema kuchukua simu ni mkono wake, si wangu, na nisije nikajipa cheo kisicho changu. Nusura nicheke. Kisha akalia, vibaya, kama mtu anayekohoa. Nikakaa naye. Sikufanya kitu kingine.

Ameomba jambo moja: Mama aambiwe na yeye, si mimi. Amenawa uso. Yuko sebuleni sasa, nimeacha mlango wazi kidogo, naandika kwa sababu mikono inataka kazi.

Geti limelia. Ni Mama. Anauliza mbona nyumba kimya hivi, nani kafa tena? Ndiyo mizaha yake siku hizi. Kaka amesema karibu Mama, keti kwanza, nina neno. Mama amesema kama ni neno la kuketi basi tuwe wote, mdogo wako yuko wapi?

Kaka amesema mimi nimelala.

Nimesimama.