Ukurasa Uliofunga Mandazi

Mama Wawira mpenzi,

Wewe na watoto mko aje huko Kanja? Mvua imewafikia, ama maharagwe bado yananyauka? Na mama, mguu wake umepata nafuu? Mimi mwili uko sawa, lakini roho haina raha. Sitakuficha, naogopa.

Unajua yale masomo yangu ya usimamizi wa ulinzi, ya kunitoa getini niwe supavaiza. Huja kwa intaneti, na siku ya mapumziko naenda kwa Kendi, msichana mwenye kompyuta hapa Meru mjini, ananichapia majibu na kuyatuma. Juzi mwalimu alitaka kila mtu aeleze udhaifu wa mahali anapolinda. Mimi nikajiona hodari! Ukurasa wa kwanza nikaweka jina la ghala letu la saruji. Wa pili nikamwaga yote: komeo la lango la nyuma limeoza, mbwa hufungwa mbele, na Mzee Njiru anayelinda huko nyuma sikio moja halisikii. Kendi alipochapa mara ya kwanza wino ulififia, akatupa, akachapa upya. Sikuuliza zile zilizotupwa zimeenda wapi.

Jana asubuhi nikanunua mandazi kwa mama mmoja sokoni Gakoromone. Nikala moja, nikatazama karatasi aliyonifungia. Ngai! Ukurasa wangu wa kwanza huo, umelowa mafuta.

"Mama, hizi karatasi umetoa wapi?"

"Si ni za kununua kwa kilo tu. Kwani zina nini?"

Nikamwambia hazina kitu. Nikapekua rundo lote huku ananicheka, lakini ukurasa wa pili sikuupata. Uko kwa nani, Mama Wawira? Kila mtu akisimama karibu na ukuta wetu sasa namwona mwizi. Na wezi wakija kweli, nani ataamini hiyo ilikuwa kazi ya shule? Mimi ndiye wa kwanza kufungwa.

Nilitaka kunyamaza, na nikamweleza Mzee Njiru nikidhani atanisaidia kunyamaza. Akasema, "Kijana, wewe utapoteza kazi. Mimi ndiye nitapigwa rungu."

Niliona haya mpaka nikakosa pa kutazama.

Tajiri wetu mwenye ghala amesafiri mpaka Jumatatu. Akirudi nitamwambia yote, hata akinifukuza. Kwa hivyo msishangae mkiniona nyumbani na sanduku, na usikubali mtu aniulize mbele ya watoto.

Msalimie mama, lakini haya usimsomee, moyo wake hauyawezi. Msalimie ndugu yangu Nyaga anayetulimia shamba, na dada yako fundi wa nguo. Wawira mwambie asome kwa bidii.

Wacha niende zamu. Nimebadilishana na Mzee Njiru: yeye anakaa mbele karibu na mbwa, lango la nyuma nalinda mimi. Niombee sana, mke wangu.

Ni mimi mume wako,
Baba Wawira