Bata wa Taulo

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, ila nimefungiwa hotelini mpaka watu wa afya wahakikishe sina ugonjwa. Cheka basi: jana nilitandika kitanda, nikasugua sinki, kisha nikasimama mlangoni kumngoja msimamizi aje kukagua, kama kule hotelini kwetu tulikokuwa tukisafisha vyumba!

Anayeleta chakula hubisha hodi na kutokomea. Nikamkunjia taulo umbo la bata, ulivyonifundisha, nikaliacha nje, ndiyo asante yangu. Leo sinia imekuja na bata wa kitambaa, shingo imepinda kidogo. Nikalia kwa furaha.

Kifua vipi? Usinifiche. Ulinihimiza niondoke huku unakohoa. Ahsante, Shangazi.

Bata sijamkunjua. Nimemlaza kitandani, upande uliokuwa ukilala wewe kwenye kitanda chetu kule nyumbani.

Mwanao,
mgeni wa heshima asiyetoka chumbani