Mashine Iliyokuja Kunifungua

Barabara ya Sainte-Luce,
Frenchville, Maine.
19 Januari.

Mpendwa mdogo wangu Claudette,

Hujambo huko Arizona? Moyo unaendeleaje? Na shemeji Percy, bado anakupikia supu isiyo na chumvi na kukusimamia mpaka uimalize? Mwache akusimamie, wewe hukuwahi kumsikiliza mtu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la mume wangu Rosaire, ambalo limegoma tangu alipoteleza kwenye barafu, na mgongo wangu unaoujua. Baridi ya mwaka huu haina adabu.

Najua unachokitafuta kwenye barua hii. Uliniuliza kama nitakuwepo siku watakayokupasua kifua, tarehe sita mwezi ujao, nami nikakujibu kwamba mashine ikifanya kazi nitakuja. Basi ngoja nikueleze habari za mashine kwanza, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Unaijua nyumba hii. Wakati wa baridi haiachwi. Jiko la kuni likizimika tu, maji yanaganda na mabomba yanapasuka. Vile vipasha joto vya umeme vya ukutani tulishaviacha, kwa sababu bili yake inameza pensheni yote. Rosaire kwa goti lile habebi kuni. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Aprili mimi ni mfungwa wa jiko. Sikuja ulipoolewa, wala sikuja kumzika kaka yetu Lionel, maana nyote wawili mlichagua Februari.

Ndipo bunge la jimbo letu likapitisha sheria ya kutoa fedha, watu wa kipato kama chetu wafungiwe pampu ya joto bure ili bili ya umeme ipungue. Rosaire alicheka. Alisema wanasiasa hawajawahi kumpa hata kiberiti, leo wampe moto! Niliomba mwenyewe. Akaja fundi, kijana anaitwa Gilman, akafunga sanduku moja ndani na jingine nje nyuma ya nyumba, lenye feni kubwa ya kuvuta joto kwenye hewa. Usiniulize hewa ya Frenchville ina joto gani. Lakini nyumba ilipata joto, Claudette, na bili ikaja ndogo mpaka nikadhani ni ya jirani. Kabla hajaondoka, Gilman alituonya sote wawili kwamba feni ile isizibwe kwa lolote, hata theluji tuifagie, kwa sababu ikikosa hewa haifanyi kazi.

Nikaanza kuulizia tiketi.

Wiki iliyopita mashine ikaanza kutoa hewa baridi. Nikawasha jiko, nikarudi kubeba kuni, na sikufichi, nililia huku nabeba. Jirani yetu Philomène alikuja kunipa pole, akasema vitu vya bure ndivyo vilivyo, vinaona haya kufanya kazi.

Ijumaa Gilman akaja. Alizunguka nyuma ya nyumba, kisha akaniita. Unakumbuka tunavyozungushia msingi wa nyumba nyasi kavu na matawi ya misonobari kabla ya theluji, upepo usipite chini ya sakafu. Basi na lile sanduku la nje lilikuwa limezungushiwa. Marobota ya nyasi pande zote, matawi juu, na blanketi la marehemu mama mkwe limefungwa kwa kamba. Gilman alicheka hadi akaegemea ukuta. Alisema hii ni nyumba ya tatu mwaka huu, wazee wa bonde hili hufunika kila kitu kisije kikafa kwa baridi. Akayatoa yote, feni ikazunguka, na mimi nikacheka naye nikamkaangia ploye, zile chapati zetu za maji.

Nilipokuwa naosha kikaango ndipo kicheko kikanikauka. Goti lisiloweza kubeba gogo moja la kuni, liliwezaje kubeba marobota ya nyasi?

Fundi alipoondoka nilikaa mezani mbele ya Rosaire.

"Ulisahau alichosema yule kijana?"

"Sikusahau."

"Sasa?"

Aliendelea kupaka siagi kwenye ploye yake. "Jiko likitaka kuni, unabaki. Mashine ikifanya kazi, unaenda."

"Naenda kumwona mdogo wangu, bwana. Anapasuliwa moyo."

"Najua. Na huko kuna jua. Utarudi huku kufanya nini, bibie?"

Nilikuwa na hasira ya kumtupia sahani, na huruma pia, lakini kilichonishika zaidi ni hofu, kwa sababu swali lile sijawahi kujiuliza. Miaka yote hii nimelilaumu jiko. Sasa nyumba ina joto, kuni zimelala bandani, mlango hauna aliyeushika, na mimi bado nimekaa. Nikiondoka, anaweza kuifunika tena, mabomba yapasuke niitwe kabla hujazinduka. Nikibaki, utapasuliwa bila mimi.

Leo asubuhi nimekata tiketi kwa simu. Philomène atapita kila siku kuitazama ile feni. Binti wa tiketi aliniuliza narudi lini. Rosaire alikuwa amekaa karibu na simu, anasikia. Nikamwambia binti anikatie ya kwenda tu.

Msalimie shemeji Percy, na mwanao Yvette na watoto wake. Philomène anakusalimu, anasema anakuombea kila anapowasha mshumaa wake. Rosaire nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema nisiandike, nikuletee mwenyewe.

Mungu aishike mikono ya madaktari wako kama mama alivyotushika tukivuka mto ulioganda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Odile