Rapsodia Mbele ya Askofu

Jumanne, 30 Septemba 1919

Rapsodia, ule muziki niliouagiza, imefika kutoka Leeds! Ya kinanda peke yake, bila waimbaji. Inaanza kama mtu anayesali chumbani, inapanda, inapanda mpaka kinanda chote kinanguruma — halafu ghafla, shwari. Sauti moja tu, kama ya filimbi. Nimelia kama mtoto. Nitaipiga Jumapili watu wakitoka, Askofu akiwepo. Kasisi Pickersgill hajui. Anataka nafasi yangu ya kupiga kinanda kanisani apewe mpwa wake. Eti vita vimekwisha, wanaume wamerudi, wanawake turudi kwenye sindano na uzi. Haya, Askofu asikie mwenyewe.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mazoezi. Mzee Jethro, anayevukuta upepo wa kinanda kwa mpini nyuma ya pazia, kachoka katikati. Penye kishindo upepo ukakatika, kinanda kikalia kama ng'ombe anayezaa.

"Bibi Edith, huu si muziki, ni kulima!"

Nimemwahidi pai ya nyama. Kasema mbili.

Jumamosi, 4 Oktoba

Askofu kafika. Mnene, mkimya, analala kwa Kasisi. Kasisi kanisimamisha langoni: kesho kitu kifupi, cha upole. Ndiyo, Kasisi. Mungu anisamehe — mwisho wake ni wa upole kweli.

Jumapili, 5 Oktoba

Jamani!

Ibada ikaisha, nikaanza. Watu nao wakaanza soga, kama kawaida yao. Nikapandisha sauti, wakapandisha zao. Nikafungua sauti zote za kinanda — vioo vinatetemeka, Jethro anavukuta huku ananilaani. Nikafika pale. Shwari.

Na ndani ya shwari hiyo, mke wa Kasisi, kwa sauti ya kuita kuku, anamwambia jirani yake:

"Bata MZIMA, mwenzangu! Askofu kaguguna mpaka mifupa, mie nikalala na chai tu!"

Askofu yuko nyuma yake. Anasubiri kupita.

Kanisa zima limemgeukia. Filimbi yangu peke yake inaendelea. Ningefanyaje? Nilibakiza ukurasa mzima. Nikaumaliza, huku nimeng'ata mdomo nisicheke.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kasisi kaja sijanywa hata chai. Eti nilishusha sauti ya kinanda makusudi nimwaibishe mkewe.

"Imeandikwa hivyo kwenye noti, Kasisi!"

Hataki kusikia. Nikusanye vitu vyangu leo leo.

Nikaja kanisani, yeye nyuma yangu kama askari. Kumbe Askofu kakaa humu peke yake, kofia magotini.

"Binti, ule mwisho jana sikuusikia sawasawa. Nilikuwa nawaza bata. Nipigie tena, yote."

Nikamwambia Jethro yuko shambani, hakuna wa kuvukuta.

Askofu kamtazama Kasisi. Kamtazama tena.

"Vua koti, ndugu yangu."

Naandika kwa penseli, nimekaa kwenye kinanda, nasubiri upepo ujae. Nyuma ya pazia mpini unalia kwiii, kwiii, na Kasisi anahema — na hata sijaanza! Sasa anauliza, kwa sauti ya chini sana, eti ni kurasa ngapi.

Naweka penseli chini, naanza.