Swali la Mama Mkutanoni

Nyumba ileile, nyuma ya soko
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kwanini,

Hujambo huko uliko? Unakula vizuri? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa, utaona mwenyewe. Mimi bado nashona sare za shule pale barazani.

Nimekukumbuka, wee mtoto. Nakwambia wazi, maana nikikaa nalo moyoni nitalowesha vitambaa vya watu kwa machozi. Chumba chako sijakigusa. Spana zako ziko chini ya kitanda, nazipaka mafuta zisishike kutu. Fundi mwenzako akija kuziazima namwambia mwenyewe anarudi. Anacheka. Mimi sicheki.

Sasa sikia. Tangu ulipoinuka kwenye mkutano wa hadhara ukauliza pampu mpya ya kisima chetu imekwenda wapi, na wiki hiyohiyo ukaachishwa kazi idara ya maji ukaenda zako huko, maswali siku hizi yanagawiwa kabla. Mtendaji wa mtaa anapita kwa watu aliowachagua, anawafundisha cha kuuliza, na kipaza sauti kinafika kwao tu. Safari hii alimchagua mama. Eti mzee kama yeye akishukuru, wakubwa watafurahi.

Basi akaja hapa sebuleni, akamkalisha mama kama mtoto wa darasa la kwanza. Alitakiwa aseme, "Tunashukuru kwa maendeleo. Je, mnatuandalia mazuri gani mengine?" Mama akakariri neno kwa neno, Mtendaji akampigia makofi. Mimi nilinuna, hata chai nikamwekea bila kumtazama. Nilidhani amekuuza, mdogo wangu.

Siku ya mkutano akavaa gauni lake la kijani. Alipopewa kipaza sauti akakishika kwa mikono miwili. "Mwanangu aliuliza pampu iko wapi. Hakujibiwa, alifukuzwa. Leo nauliza mimi, maana sina kazi ya kufukuzwa."

Lo! Watu walivyoangua kicheko! Mtendaji akakimbilia waya, akauchomoa. Wapi! Muuza mkaa alisimama akalirudia swali kwa ile sauti yake ya kuitia wateja, kina mama wa nyuma wakalidaka, mpaka mkuu wa wilaya akamwamuru mhandisi wa maji ajibu.

Alijikuna kichwa weee. Mwishowe akasema pampu iko kwenye kiwanda cha matofali cha mwenyekiti wa mtaa, "imeazimwa kwa muda." Muda gani huo, na sisi tunahangaika na ndoo miaka yote hii! Alhamisi ikarudishwa mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama ikishushwa. Maji yanatoka. Mwenyekiti amesimamishwa kupisha uchunguzi. Ila sitakudanganya kwamba kila kitu kimenyooka, maana Mtendaji yupo palepale, na tukipishana njiani anageuza uso.

Siku hiyo mkuu wa wilaya alikuja kisimani na wapiga picha wake. Akamuuliza mama kama sasa ameridhika. Mama akanawa uso kwanza, akajifuta kwa upindo wa gauni, hana haraka. Kisha akamwambia, "Pampu nimeiona. Mwanangu sijamwona."

Wapiga picha wakashusha kamera. Yule mkubwa akakohoa, akatamka mbele ya watu wote kwamba shauri lako litasikilizwa hadharani mkutano ujao, Jumamosi ya mwisho ya Julai, na waliokufukuza watasimama waeleze sababu. Kazi hawajaahidi kukurudishia. Ninaogopa, sikufichi. Lakini ninaogopa zaidi wakisimama kueleza na wewe haupo kuwauliza kwa nini. Njoo, ndugu yangu. Hata ukirudi huko tena baadaye, njoo kwanza.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama umeoa kwa siri. Muuza mkaa anakusalimu kwa sauti uliyoizoea. Fundi mwenzako naye anakusalimu, na jana kaacha kucheka, kaniuliza utafika na basi la saa ngapi.

Mama nilimuuliza nikuandikie salamu gani. Amekataa kutuma hata moja. Anasema zake atakupa mwenyewe, mlangoni.

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Fundi Cherehani