Unga Usiochekechwa

Alhamisi, 4 Agosti 1983

Leo tumempeleka mama mkwe dispensari. Wiki nzima hajapata choo, tumbo gumu. Anaona haya hata kulitaja, kwa hiyo tumelizungukazunguka jambo njia nzima. Mganga amempapasa, kisha nikatoka na mama nje. Wifi yangu Sauda akabaki kusikiliza maelezo. Yeye ana Kifaransa cha masista. Changu kinaishia bonjour — huko Ujiji kingenisaidia nini?

Ametoka mbio. Docteur anasema ni fièvre. Homa!

Nimemgusa mama kipaji cha uso. Baridi. Sikubisha. Mgeni ni mgeni, hata akikaa Kamina miaka mitatu. Na mume wangu Abedi yuko Kinkondja kununua samaki, hakuna wa kumuuliza.

Jumapili, 7 Agosti

Nivakini asubuhi, nivakini jioni, vile vidonge vya malaria. Mama anajikuna mpaka mikono inatoka damu. Tumbo limezidi.

Sauda anampikia bukari — ndivyo wanavyouita ugali hapa — na unga anauchekecha mara mbili, uwe mweupe pe. Mgonjwa hapewi kitu cheusi, anasema. Anafanya kwa mapenzi, namwona. Mama anakula kidogo na supu ya samaki, na hakitoki kitu.

Namwogopea. Majirani wananiita Mama Kigoma, na mtoto sina. Yeye tangu siku ya kwanza ananiita mutoto. Akiondoka huyu, nani mwingine katika nyumba hii ataniita hivyo?

Jumanne, 9 Agosti

Nimekwenda peke yangu kwa yule mganga, Mukendi. Amenisemesha Kiswahili, na kumbe anakijua vizuri tu.

"Fièvre? Minyi sikusema fièvre, Mama. Nilisema iko anakosa fibres. Ile maganda ya chakula. Mweye munachekecha bunga, munatupa maganda, tumbo itafanya kazi na nini?" Nimpikie unga na maganda yake yote, majani, maharage, maji mengi. Nivakini tuache leo hii.

Neno moja. Fibres, fièvre. Hata mimi nikiyasema mdomoni siyatofautishi.

Nimemwambia Sauda. Amekaa chini palepale uani, ungo mapajani.

"Tafazali, usimuambie Abedi. Tafazali, wifi."

Hajawahi kuniita wifi. Nimesema sitamwambia.

Jumatano, 10 Agosti

Soko zima nimelizunguka. Kiangazi kimekausha kila kitu. Lengalenga, mchicha wa huku, hakuna, matembele yamebaki kamba tupu. Maharage yapo, ila mama hana meno na hata yakipondwa anayatema. Na unga wote mweupe! Kwetu dona ni chakula cha kila siku, mtu hali kwa ugonjwa wala kwa umaskini. Hapa ukiuliza unga usiochekechwa wanakutazama mara mbili.

Mwishowe nimemkuta Mwadi, mke wa askari wa base ya jeshi, anauza pumba mlangoni kwa mashine ya kusaga.

"Weye uko na kuku ngapi?"

"Mmoja tu," nikamjibu. "Lakini mzee."

Amecheka mpaka amenijazia kikapu hadi juu. Nami nikacheka. Nilipofika kwenye reli nikaanza kulia, na wapita njia wananiangalia.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimezipepeta pumba, nikachanganya na unga, nikasonga. Mama amelitazama donge.

"Hii njo ya kwenu?"

"Ndiyo, mama."

"Huku bakiletea mugeni hii, anarudia njia." Lakini amekula, na mchuzi wa samaki. Anakwaruzwa koo, anakunja uso, anameza. Kwa ajili yangu, najua.

Baada ya sala wakaja wanawake kumjulia hali. Sahani ilikuwa bado pale. Shangazi yake Abedi akaifunua. "Munalisha mama chakula ya kuku?"

Sauda alikuwa amesimama karibu kabisa. Anajua kila kitu. Aliangalia miguu yake.

Jumamosi, 13 Agosti

Amepata choo kidogo! Nimeshukuru kama niliyepata mtoto.

Jumatatu, 15 Agosti

Choo kina damu. Na tumbo limevimba tena kuliko mwanzo.

Mukendi amekuja mwenyewe. Chakula hakisaidii tena, anasema, kuna kitu ndani kimeziba. Asile chochote. Apelekwe Lubumbashi kupasuliwa, treni ikipatikana. Nimemuuliza: zile siku za nivakini ndizo zilizomharibu? Au ni pumba zangu? Alifunga mkoba wake polepole. "Sijue, Mama."

Tumemtuma dereva wa lori Kinkondja akamwite Abedi.

Alhamisi, 18 Agosti

Abedi amefika mchana, ananuka samaki, hajanawa hata uso. Nyumba imejaa watu. Shangazi hakumngoja akae.

"Muke yako alilisha mama pumba."

"Ni kweli?" ameniuliza.

"Ni kweli."

Kulikuwa na neno moja la kuongeza, nalo lilikuwa ulimini. Sauda alisimama mlangoni na chekeche mkononi, anawaandalia wageni unga. Nimelimeza. Niliahidi.

Ndipo mama akaita toka kitandani, sauti kama ya kuazima. "Mutoto. Letea minyi bukari yangu. Ile yako."

"Mama, docteur amekataza."

"Leta."

Nimesonga kidogo sana, unga wa maganda. Sauda amenichochelea moto bila kusema kitu. Mama amekata donge, ameliinua walione wote.

"Minyi njo nilimuomba anipikie hii. Yeye alikatala. Minyi nililazimisha."

Uongo mtupu, kwa mtu asiyekosa sala hata moja! Hakulila. Hawezi. Amelifumbata tu, na hataki mtu amnyang'anye.

Sauda akaangusha chekeche. "Abedi," amesema, "docteur alisema —" na kilio kikamkata.

Nimetoka uani, siwezi kukaa mle. Unga wa wageni umemwagika mpaka kizingitini, mweupe, na hakuna anayeuzoa. Nasikia Abedi anamuuliza tena, taratibu: docteur alisema nini?