Maji ya Kuomba Njiani

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wa Buffalo, huku Marekani, tunawasalimu, wewe na mume wako. Mama yako amekuja kutoka Columbus na sombe ya kulisha jengo zima. Na wewe, juzi tu ulikuwa Louisville, leo picha zako zinatoka vijiji vya milimani Ufaransa!

Unaniuliza kama ni ujinga kusimamisha gari kila kijiji, maana mume wako anataka kufika.

Bon. Siku babu yako aliponitoa kwetu, tulipanda milima ya Kivu kwa gari, na kila kijiji alisimama kuomba maji ya injini. Nilinuna njia nzima. Tulipofika nikayakuta nyuma ya gari madumu ya maji tuliyoondoka nayo, yamejaa pomoni, hakumimina hata tone.

Akacheka kwa haya. "Donc, ningewaonyeshaje mke wangu?"

Miaka mingi baadaye, vita vilipotufukuza, tuliirudia njia ile kwa miguu, watoto mgongoni. Hayo tuyaache. Lakini tulipobisha hodi mlango wa kwanza, mama mmoja aliniangalia sana, akasema, "Si wewe yule bibi harusi wa maji? Ingieni."

Basi simameni, mwanangu. Ombeni maji, hata kama chupa zenu zimejaa.

Koko wako